Mji ukinyamaza, jimbo lina mamlaka gani juu ya usalama wa moto?

Msomaji mmoja anauliza: "Ninaishi katika jengo la kupanga la ghorofa tatu, lenye familia 12, katika mji mdogo wa jimbo la New York, Marekani. Mlango wa nyuma wa ngazi umefungwa kwa mnyororo na kufuli tangu majira ya baridi yaliyopita, na vitambua moshi vya kwenye korido havilii hata ukivibonyeza. Nimeiandikia ofisi ya majengo ya mji mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa mkaguzi atakuja, na mara mbili zilizofuata sikujibiwa. Jirani yangu anasema mambo ya majengo ni ya mji peke yake na jimbo haliwezi kuingilia. Je, ni kweli? Na kama jimbo lina mamlaka, nianzie wapi?"

Ndugu msomaji,

Nianze na mnyororo, kwa sababu huo hausubiri barua wala sheria. Leo hii piga simu kwa kikosi cha zimamoto cha mahali unapoishi, kwa namba yake ya ofisi, uwaeleze kwamba mlango wa kutokea wa jengo lenye familia 12 umefungwa kwa kufuli na kwamba vitambua moshi havifanyi kazi. Huenda zimamoto hawana mamlaka ya kumtoza faini mwenye nyumba, na katika miji mingi midogo ya New York ni watu wa kujitolea, lakini wao ndio watakaoingia ndani ya jengo hilo likiwaka usiku, na mkuu wa kikosi akimpigia simu mkaguzi wa majengo, simu hiyo haipokelewi kama barua ya mpangaji. Wakati huohuo nunua kitambua moshi cha kwako ukiweke ndani ya nyumba yako. Tangu mwaka 2019 vile vya betri vinavyouzwa katika jimbo hilo vinatakiwa kuwa na betri iliyofungiwa ndani yenye kudumu miaka 10, hivyo hutahangaika kuibadilisha. Sisemi haya ili kukutisha. Tarehe 3 Septemba 1991 watu 25 walikufa katika kiwanda cha kusindika kuku mjini Hamlet, North Carolina, wengi wao wakiwa wamekwama mbele ya milango iliyofungwa, na kiwanda hicho kilikuwa kimefanya kazi miaka 11 bila kukaguliwa usalama wake hata mara moja. Nitarudi kwenye Hamlet baadaye, kwa sababu uzembe wa pale haukuwa wa mji peke yake.

Sasa swali lako lenyewe. Jirani yako ana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba anayetakiwa kugonga mlango wa jengo lenu ni mkaguzi wa mji. Si kweli kwamba kanuni anazozisimamia ni mali ya mji. Katika mfumo wa Marekani, serikali ya shirikisho haikupewa na katiba mamlaka ya jumla juu ya majengo ya watu. Marekebisho ya Kumi ya Katiba yanaacha mamlaka yasiyotajwa mikononi mwa majimbo na wananchi. Miji, vijiji na kaunti, kwa upande wao, ni viumbe vya jimbo: zipo kwa sababu sheria za jimbo zimeziunda, na hutumia mamlaka ambayo jimbo limezikabidhi. Kwa hiyo mji unapokagua ngazi zenu unatimiza wajibu uliopewa na jimbo, na aliyetoa wajibu ana haki ya kuuliza kama umetimizwa.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Kwa miaka mingi jimbo la New York lilikuwa na kanuni za ujenzi ambazo kila halmashauri ilikuwa huru kuzikubali au kuziacha, na nyingi ziliziacha. Kisha, tarehe 4 Desemba 1980, moto ukazuka katika eneo la kumbi za mikutano la hoteli ya Stouffer's Inn, katika kaunti ya Westchester, ukaua watu 26 waliokuwa wamekuja kwa shughuli za kikazi. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoondoa hiari hiyo, na kuanzia tarehe 1 Januari 1984 zikaanza kutumika kanuni moja za kinga ya moto na ujenzi kwa jimbo zima, isipokuwa jiji la New York, ambalo liliruhusiwa kubaki na kanuni zake lenyewe. Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo ningemuuliza mpangaji yeyote wa jimbo hilo ni mahali anapoishi: anayeishi ndani ya jiji la New York ana njia nyingine kabisa ya kufuata, na ninayoyaeleza hapa hayamhusu. Wewe umesema ni mji mdogo, basi yanakuhusu yote.

Sheria hiyo iko katika Kifungu cha 18 cha Sheria ya Utendaji ya jimbo, na muundo wake unastahili kueleweka vizuri, kwa sababu humo ndimo malalamiko mengi yanamopotelea. Kiwango cha usalama huwekwa na baraza la jimbo lenye wajumbe 17. Halmashauri inaweza kuomba kuweka masharti makali zaidi kwa sababu za mahali pake, na baraza hilo ndilo linaloamua, kulegeza hairuhusiwi. Utekelezaji, yaani vibali, ukaguzi, amri na kesi, ni wa halmashauri. Lakini halmashauri ina ruhusa ya kutunga sheria ndogo ya kuukataa wajibu huo, na ikifanya hivyo wajibu unapanda kwa kaunti. Kaunti nayo ikiukataa, unapanda kwa Idara ya Jimbo, iliyo chini ya Katibu wa Jimbo. Nimekutana na watu walioandika barua kwa miezi mingi kwenye ofisi ambayo kisheria haikuwa na kazi hiyo tena, na hakuna karani aliyewaambia. Hivyo, kabla ya barua ya nne, muulize karani wa mji, kwa maandishi, swali moja tu: nani anasimamia kanuni za moto na ujenzi katika mtaa huu?

Tuseme jibu ni kwamba ni mji wenyewe. Basi mji huo una madeni ambayo hayategemei hisani ya mkaguzi. Kanuni za jimbo zinautaka uwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko ya kweli, utoe amri ya kurekebisha pale kosa linapoonekana, utunze kumbukumbu za kila kibali, ukaguzi na amri, na upeleke kwa jimbo taarifa ya kazi hiyo kila mwaka. Mkaguzi wake lazima awe amepitia mafunzo ya msingi yaliyoidhinishwa na jimbo, kisha apate saa 24 za mafunzo kila mwaka. Zaidi ya hayo, mji hausubiri mlalamikaji: majengo yenye kumbi za mikusanyiko ya watu hutakiwa kukaguliwa angalau mara moja kila miezi 12, na majengo ya makazi ya familia nyingi kama lenu angalau mara moja kila miezi 36. Ikamate namba hiyo ya mwisho. Barua yako inaposema "mlango umefungwa", ofisi inaweza kukuambia kwamba itaangalia. Barua inaposema "naomba tarehe ya ukaguzi wa mwisho wa jengo hili ndani ya miezi 36 iliyopita", ofisi ama ina tarehe, ama haina, na ikiwa haina, kosa limehama kutoka kwa mwenye nyumba na kuingia ndani ya ofisi yenyewe.

Hapo ndipo jimbo linapoweza kushika. Ukiiandikia Idara ya Jimbo kuhusu mnyororo, karibu kila mara utajibiwa kwamba makosa ya jengo moja yanashughulikiwa na halmashauri, na jibu hilo ni sahihi kisheria hata kama linauma. Jimbo haliji kufungua kufuli. Linachoangalia ni iwapo halmashauri inasimamia kanuni au haisimamii: je, ina mkaguzi mwenye sifa, je, inakagua kwa vipindi vilivyowekwa, je, inajibu malalamiko, je, kumbukumbu zake zinaonyesha kazi iliyofanyika. Katibu wa Jimbo ana mamlaka ya kuchunguza, na akiridhika kwamba halmashauri imeshindwa, sheria inampa silaha kadhaa: kutoa amri ya kuilazimisha itimize wajibu, kumwomba Mwanasheria Mkuu wa jimbo aipeleke mahakamani, kuiweka chini ya maafisa wa uangalizi, kuikabidhi kaunti kazi yote, au jimbo kuifanya lenyewe.

Silaha hizo hazichomolewi mara kwa mara, na zinapochomolewa mara nyingi watu wameshakufa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Machi 2021, moto uliteketeza nyumba ya kulelea watu wazima katika kijiji cha Spring Valley, kaunti ya Rockland, yenye wakazi zaidi ya 100. Mkazi mmoja alikufa, na mzima moto mmoja wa kujitolea aliyeingia kuokoa watu hakutoka tena. Miaka kadhaa kabla ya hapo jimbo lilikuwa limeshaona kasoro katika usimamizi wa kanuni kijijini humo na kuweka mtu wa kuufuatilia. Baada ya moto, jimbo liliamua kwamba kijiji kimeshindwa, likakipokonya kazi ya ukaguzi na kuipa kaunti ya Rockland, iliyoianza mwaka 2022. Mimi naichukulia habari hiyo kama uthibitisho wa mambo mawili kwa pamoja: kwamba mamlaka ya jimbo ni ya kweli na yana meno, na kwamba mfuatiliaji aliyetumwa kutazama tu, bila tarehe ya mwisho na bila mtu wa kuchukua kazi ikishindikana, hawezi kuziba pengo.

Utaniuliza kwa nini mkaguzi haji. Nimefanya kazi hiyo, na nakuhakikishia kwamba mara chache ni uvivu. Katika miji midogo mkaguzi huwa mmoja, na mara nyingi ni wa saa chache kwa wiki, akihudumia zaidi ya mji mmoja. Ameajiriwa na viongozi wale wale ambao huenda mwenye nyumba anafahamiana nao. Mahali fulani nilipofanya kazi niliitwa na kiongozi mmoja nikaombwa kwa upole "kuwapa muda" wamiliki wa jengo ambalo sikuwa nimemaliza hata kuliandikia ripoti, na muda huo haukuwa na tarehe. Najuta mpaka leo kwamba sikuuliza ni siku ngapi. Tena kuna hofu nyingine ambayo wapangaji hawaambiwi: mkaguzi akikuta jengo ni hatari kupita kiasi, anapaswa kuamuru watu watoke, na anapojua kwamba familia 12 hazina pa kwenda, kuna wakaguzi wanaochagua kutolitazama kabisa. Naielewa hofu hiyo. Siikubali, kwa sababu jengo lisilotazamwa huua watu wale wale aliotaka kuwahurumia.

Sababu nyingine ni ya kisheria, na ni rahisi kuiondoa. Tarehe 5 Juni 1967 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka San Francisco, iliamua kwamba mkaguzi hawezi kuingia nyumbani kwa mtu bila ridhaa au hati ya mahakama. Hati hiyo hupatikana bila kuthibitisha kosa mahususi, ilimradi ukaguzi unafuata utaratibu wa busara, lakini kuitafuta ni kazi, na mkaguzi aliyenyimwa mlango na mwenye nyumba mara nyingi huishia hapo. Wewe mpangaji unaweza kutoa ridhaa kwa nyumba yako na kwa njia mnazozitumia kwa pamoja. Andika sentensi hiyo katika barua, kwa jina na kwa tarehe: kwamba unamruhusu mkaguzi kuingia, na siku na saa utakazokuwepo kumfungulia.

Majimbo mengine yamejibu tatizo hili kwa njia tofauti, na kulinganisha kunasaidia kuona New York imesimama wapi. Kentucky, baada ya moto wa ukumbi wa Beverly Hills Supper Club ulioua watu 165 tarehe 28 Mei 1977, ilichukua kanuni moja za jimbo ambazo halmashauri haziruhusiwi kuzipunguza wala kuziongeza. Texas ilibaki upande wa pili: ghala la mbolea lilipolipuka katika mji wa West tarehe 17 Aprili 2013 na kuua watu 15, wengi wao wazima moto na waokoaji, jimbo halikuwa na kanuni za moto zinazofunga eneo lote. Ila njia ninayoipenda zaidi ni ya California. Tarehe 2 Desemba 2016 watu 36 walikufa mjini Oakland katika ghala lililogeuzwa makazi na ukumbi wa muziki, ambalo hakuna mkaguzi wa kanuni aliyekuwa ameingia kwa takriban miaka 30. Sheria ya jimbo ilikuwa tayari inazitaka idara za zimamoto kukagua shule, hoteli na majengo ya kupanga kila mwaka. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kama zinafanya hivyo. Mwaka 2018 bunge la California likaongeza sharti dogo: kila mwaka idara iseme mbele ya baraza la mji wake ni kiasi gani cha ukaguzi wa lazima imefanya. Taarifa ya New York hupanda kwenda kwa jimbo, ambako mpangaji hafiki. Ya California husomwa mbele ya wapiga kura wa mji huohuo. Naamini hiyo ya pili hufanya kazi haraka zaidi, na hakuna kinachokuzuia wewe na majirani zako kuiomba kwa hiari katika kikao cha halmashauri yenu.

Sitaki pia udhani kwamba jimbo likishika kila kitu watu wako salama. Hamlet ni ushahidi. Ukaguzi wa usalama kazini pale ulikuwa mikononi mwa serikali ya jimbo la North Carolina, na ndiyo iliyopitisha miaka 11 bila kufika kiwandani. Na kufika tu hakutoshi: klabu ya Cocoanut Grove ya Boston, ambako watu 492 walikufa tarehe 28 Novemba 1942, ilikuwa imekaguliwa na kupitishwa siku nane kabla, ikiwa na milango ya kutokea iliyofungwa. Ngazi moja ya serikali ikilala, nyingine inapaswa kuwa macho. Zikilala zote mbili, anabaki mpangaji mwenye kalamu.

Kwa hiyo, utaratibu ambao ningeufuata kama ningekuwa wewe. Tumia sheria ya jimbo ya haki ya kupata taarifa kuomba kwa karani wa mji nakala za kila ukaguzi wa jengo lenu, kila lalamiko lililopokelewa, kila amri iliyotolewa, na taarifa ya mwaka iliyopelekwa kwa jimbo. Wana siku tano za kazi za kukujibu, hata kama jibu ni kwamba wanahitaji muda zaidi kutafuta. Sambamba na hilo, peleka barua ya nne, safari hii si kwa mkaguzi peke yake bali pia kwa meya au msimamizi wa mji na kwa kila mjumbe wa halmashauri, ukiambatanisha barua tatu za kwanza na picha zenye tarehe. Ukipata majibu ya kumbukumbu, au ukinyimwa, ndipo uandike kwa kitengo cha kanuni za majengo cha Idara ya Jimbo. Barua hiyo ijengwe juu ya halmashauri, mnyororo uwe mfano wake. Sema: mji huu ulipokea lalamiko tarehe fulani, fulani na fulani, haukukagua, hauna rekodi ya ukaguzi ndani ya miezi 36, haukutoa amri. Kama wapangaji wa majengo mengine wana hadithi kama yako, ziwekeni pamoja, kwa sababu majengo matano yaliyoachwa yanaonyesha mfumo, na mfumo ndio ambao jimbo lina mamlaka nao.

Usiweke tumaini kubwa katika kuushtaki mji kwa fidia. Mahakama za Marekani kwa kawaida husema wajibu wa kukagua ni kwa umma wote, si kwa mtu mmoja, mpaka uonyeshe ahadi au uhusiano wa pekee kati yako na mji. Mwenye nyumba ni jambo lingine. Akipewa amri ya kurekebisha na kuipuuza, sheria inaruhusu faini ya hadi dola 1,000 kwa kila siku, au kifungo cha hadi mwaka 1, au vyote viwili. Nawe una ulinzi wako: sheria ya jimbo inamkataza kukufukuza kwa sababu ulilalamika kwa nia njema, na akijaribu ndani ya mwaka mmoja tangu lalamiko, mahakama huanza kwa kudhani kwamba analipiza kisasi, na ni juu yake kuthibitisha vingine. Hii ni sababu nyingine ya kutunza nakala ya kila barua na tarehe yake.

Limebaki jambo la kuhamishwa, ambalo najua linawatisha majirani zako kutia saini. Mnyororo hukatwa kwa dakika moja, na vitambua moshi hubadilishwa kwa siku moja. Hakuna mkaguzi mwenye akili timamu atakayehamisha familia 12 kwa kasoro zinazoweza kuondolewa kabla ya jua kuzama. Kama jengo lina mengine makubwa, nyaya zilizoungua au ngazi zilizooza, yaandikieni barua ya pili, tofauti na hii, na kabla ya kuipeleka muulizeni karani wa kaunti ni ofisi gani inayosaidia familia zilizoamriwa kuhama. Barua ya mnyororo iende kwanza, peke yake, ikiwa fupi, na saini nyingi kadiri mtakavyopata.